Nek Melati wa Katanning

Alipotimiza miaka sitini, Rasmin bin Osman alikuwa bado anabeba sinia.

Katika karamu za Wamalei wa Katanning, wazee hukaa ukutani, chini ya dirisha, karibu na imamu. Vijana hukaa mlangoni ili wawahi jikoni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini jaribu kuivunja uone. Anayekaa ukutani huitwa Nek fulani, yaani babu, kwa jina la mjukuu wake wa kwanza. Anayekaa mlangoni huitwa Pak fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina alilozaliwa nalo mtu, akishapata mtoto, hubaki kwenye pasipoti na kwa polisi. Rasmin alikuwa na binti mmoja tu, Salbia, na Salbia alikuwa amekwenda Perth kuwa nesi, akafika miaka thelathini bila mume wala dalili ya mume. Basi baba yake, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliitwa Pak Salbia, akakaa mlangoni na watoto wa juzi, na mchuzi ukiisha ni yeye aliyenyanyuka na goti lake bovu.

"Pak Salbia, samahani, tuongezee huku!" waliita wazee kutoka ukutani. Hao wazee ni watu wa rika lake. Walipasua nazi pamoja kule visiwani Cocos wakiwa vijana, wakaja pamoja bara la Australia kuchinja kondoo, wakajenga pamoja msikiti kwa mikono yao. Rasmin aliwaletea mchuzi kwa tabasamu, na moyoni akawalaani mmoja mmoja, kila mtu kwa jina la mjukuu wake.

Msidhani alikuwa mtu wa hivi hivi. Kule machinjioni Wazungu walimwita Ray, naye aliitika, kwa sababu kazini mtu huvaa hata buti za damu, akitoka anazivua. Lakini Jumamosi, katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti, Rasmin alikuwa mwalimu wa Kimalei, na hapo hakuna aliyethubutu kumwita Ray. Alifundisha miaka ishirini bila malipo na bila likizo. Aliwauliza watoto kwa Kimalei, nao wakamjibu kwa Kiingereza. Aliwakemea kwa Kimalei, wakamwomba radhi kwa Kiingereza. Mwisho alitafuta mchawi wa kumsingizia, akampata: majina.

"Lugha haifi mdomoni," alipenda kusema, kidole juu. "Inaanza kufia kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukimwita mtoto Jason, unategemea akusalimie kwa lugha gani?"

Wazazi wa kina Jason waliinamisha vichwa, maana Mmalei hajibizani na mwalimu. Wakirudi nyumbani waliendelea kuzaa kina Jason.

Aliyeumia zaidi ni jirani yake, rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto. Mwana wa jirani huyo alipata mtoto wa kiume akamwita Darren, kwa ajili ya mchezaji fulani wa kriketi. Siku ya akika, nywele za mtoto zimeshanyolewa, nyama ya mbuzi imeshaliwa, wazee wakaomba mashairi kidogo ya kusindikizia chai, kama ilivyo ada. Rasmin akainuka mlangoni, sinia bado mkononi, akasema beti moja:

Nazi huanguka pwani,
na ngano huvunwa bara;
Darren kaja ukooni,
babu kapata hasara.

Watu walicheka mpaka imamu akaweka kikombe chini. Nek Darren naye alicheka, kwa kuwa ungemtaka afanye nini? Alicheka na kila mtu, akasifu vina, akamwomba Rasmin airudie ili mkewe aliyeko jikoni asikie. Rasmin akairudia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku ile Rasmin aliuona mtamu kweli kweli. Hata mkewe, Mak Salbia, alipomwambia njiani kurudi, "Umemwaibisha mwenzako mbele za watu," alimjibu kwamba sanaa ni sanaa.

Miaka ikapita, Mungu si Athumani, Salbia akapata mume. Alikuwa Mzungu, fundi umeme, jina lake Neil. Alisilimu kabla ya ndoa, na kusilimu kwake hakukuwa kwa kutia saini tu: alikuwa akisali, akifunga, na alijinunulia daftari nene la kuandikia maneno ya Kimalei. Alipozungumza alikuwa na adabu kama msoma taarifa ya habari. Rasmin alimkagua siku nzima akitafuta kasoro, akaikosa, akabaki na kinyongo kidogo.

Halafu Salbia akapata ujauzito. Kuanzia siku hiyo Rasmin hakukanyaga chini. Jina alikuwa nalo tayari, amelitunza miaka na miaka: Melati, ua jeupe lenye harufu, ua ambalo mama yake alilipanda pembeni mwa kisima. Ni jina la Kimalei lisilo na shaka, wala huwezi kulikata ukapata la Kizungu. Kama ni wa kiume, hilo lingetazamwa baadaye, lakini hakutegemea mtoto wa kiume. Alimwambia Salbia kwenye simu.

"Jina zuri, Baba," alisema Salbia.

Rasmin akalichukua jibu hilo kuwa ni ndiyo, akalitangaza msikitini, akalitangaza machinjioni, akamwambia hata dereva wa lori la kondoo. Sasa, mtu aliyelelewa na Wamalei anajua kwamba "zuri" peke yake, bila kufuatiwa na neno jingine, ndiyo namna ya kukataa bila kumuumiza mtu. Rasmin mwenyewe alikuwa amelitumia neno hilo maisha yake yote, kwa chakula kibaya, kwa wachumba wasiofaa na kwa hotuba za imamu. Siku hiyo alilisikia kama Mzungu.

Salbia alipiga simu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, mama na mtoto hawajambo.

"Alhamdulillah!" Rasmin akapiga kelele mpaka kuku wa nyuma wakatawanyika. "Melati wangu huyo! Mwekee simu sikioni nimsalimie."

Salbia hakuihamisha simu.

"Baba, tumemwita Glenda."

"Nani?"

"Glenda. Jina la mama yake Neil."

Rasmin alimjua huyo mama. Salbia alipoolewa, mama huyo alinunua sufuria mpya na visu vipya ili mkwewe ale kwake bila wasiwasi. Ujauzito ulipomlaza Salbia miezi mitatu, yeye ndiye aliyekaa kando ya kitanda akimkanda miguu, wakati tayari ana saratani na hajamwambia mtu. Alifariki miezi miwili kabla ya mtoto kuzaliwa, na Rasmin mwenyewe alikwenda mazikoni, akalia. Hakuwa na neno hata moja dhidi ya Glenda aliyekuwa kaburini. Ila hakumtaka kwenye jina lake.

"Jina zuri," akasema.

Salbia, ambaye ni binti yake wa kumzaa, alielewa papo hapo. Akakata simu akilia.

Rasmin akaenda kusali adhuhuri. Alikwenda kwa nia safi ya kusema kweli, hilo mkewe anaapa. Kwenye mabomba ya kutawadhia akamkuta Nek Darren ananawa miguu.

"Vipi, Pak Salbia? Mbona umesawijika?"

"Binti yangu kajifungua."

"Allahu Akbar! Wa nini?"

"Wa kike."

Nek Darren akafunga bomba. Akajikung'uta maji, akamtazama mwenzake kwa furaha tupu, bila chembe ya ubaya, na hapo ndipo Rasmin alipokwama. Angeona dhihaka kidogo tu kwenye macho yale, angesema kweli kwa ubishi. Lakini aliona furaha ya rafiki, na nyuma ya furaha ile akaona beti yake mwenyewe, mistari minne, imekaa inamngoja.

"Na jina, umepewa lilelile?"

Ulimi hauna mfupa. "Lilelile," akasema Rasmin. "Melati."

"Nek Melati!" Nek Darren akamkumbatia na mikono yake mibichi. "Jamani, tokeni! Tumempata Nek Melati!"

Wakatoka, wakampa mikono. Imamu akamwombea mtoto dua kwa jina hilo. Ijumaa ilipofika kulikuwa na karamu ndogo, na kijana mmoja alimpokea Rasmin sinia mkononi akamwambia, "Nek, usijisumbue, nenda ukae." Akaenda ukutani. Wakasogea kumpisha, naye akakaa chini ya dirisha, karibu na imamu, goti lake bovu limenyooka mbele kwa raha. Aliletewa mchuzi. Nitasema kweli, alijisikia vizuri, na wali siku ile ulikuwa na ladha ambayo hakuwahi kuionja alipokuwa mlangoni.

Aliyekuwa na kazi ngumu ni mkewe, kwa sababu jina la mjukuu huwashika babu na bibi wote wawili.

"Umenifanya bibi wa mtoto nisiyemjua," alisema Mak Salbia, ambaye sasa mji mzima ulimwita Nek Melati kama mumewe. "Leo dukani nimeitwa mara tatu, sikugeuka. Wamedhani nimekuwa kiziwi."

"Utazoea."

"Sitasema uongo wako, na sitausema ukweli wako. Huo ni mzigo wako, ubebe mwenyewe."

Mke wa Nek Darren alishona blanketi la mtoto la sufu, zuri ajabu, na pembeni akadarizi MELATI kwa uzi mwekundu. Mak Salbia alilipokea kwa mikono miwili. Jioni akakaa na sindano, akafumua herufi moja moja, akalipeleka Perth likiwa na vitundu sita pembeni. Salbia aliuliza kama ni nondo. Mama yake akasema ni nondo, mkubwa, mwenye mvi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii haikuwa hata na urefu wa kujinyoosha. Mpwa wa mke wa Nek Darren alikuwa akifanya kazi ya usafi katika wodi ileile aliyojifungulia Salbia, na alikuwa amemsomea mtoto jina kwenye kitambulisho cha mkononi. Kabla ya siku ya nane, Katanning yote ilijua, kuanzia imamu mpaka watoto wa darasa la Jumamosi. Wazee walikutana alasiri moja, Rasmin akiwa zamu machinjioni, wakanywa chai, wakatazamana, wakazungumza habari za mvua. Hakuna aliyelitaja. Walipoondoka walikuwa wamekubaliana.

Kuanzia siku hiyo walimwita Nek Melati kuliko walivyowahi kumwita mtu yeyote. "Nek Melati, umeamkaje?" "Nek Melati, Melati hajambo?" "Meno yameota? Analala usiku?" Rasmin alijibu kila swali. Alisimulia meno, alisimulia surua, alisimulia jinsi alivyoanza kutambaa, na yote yalikuwa kweli tupu isipokuwa jina. Walimsikiliza kwa makini, wakiitikia kwa vichwa. Wako wanaosema ilikuwa huruma, na wako wanaosema ilikuwa kisasi. Ukiwajua Wamalei, utajua kwamba hivyo viwili hupikwa chungu kimoja.

Kumleta mtoto Katanning, hilo halikuwezekana. Mwaka wa kwanza Rasmin alisema baridi ni kali. Mwaka wa pili alisema paa linatengenezwa. Mwaka wa tatu alisema kuna mafua ya kondoo, ambayo mtoto mdogo anaweza kuyapata, na Salbia, ambaye ni nesi, alimwomba arudie jina la ugonjwa huo. Badala yake, kila mwezi yeye na mkewe walipanda basi kwenda Perth. Akipanda alikuwa babu yake Melati, akishuka alikuwa babu yake Glenda, na kurudi ikawa kinyume chake. Katikati ya safari alilala.

Na huyo Glenda ndiye aliyemmaliza. Alikuwa na macho ya bibi yake wa Katanning na masikio ya babu yake Mzungu, yamesimama kando. Alipofika miaka mitatu, siku moja Rasmin alikaa kwenye zulia la Perth, akapiga makofi, akamwita kama anavyowaita mbwa wa machinjioni.

"Kamoni, beibi, kamoni!"

Mtoto akasimama mbali, mikono nyuma.

"Nek," akasema, kwa Kimalei kilichonyooka, kile cha visiwani, chenye maneno ambayo Rasmin hakuyasikia tangu mama yake afe. "Hapa nyumbani hatusemi Kiingereza. Baba hapendi."

Neil akatokeza kichwa jikoni, amefunga aproni. "Niwie radhi sana, Baba. Sheria hiyo niliiweka mimi. Nje anaongea Kiingereza kutwa, nikaona humu ndani apumzike."

Rasmin akageuka mwekundu. Miaka ishirini ya Jumamosi, watoto mia na zaidi, na mtoto pekee aliyemjibu kwa Kimalei bila kulazimishwa alikuwa na jina la Glenda, na mwalimu wake alikuwa fundi umeme Mzungu mwenye daftari. Alimpenda yule mtoto mpaka kifua kikamuuma. Walitegeana vitendawili, walisimuliana hadithi za kaa na papa, na kila alipoondoka mtoto alimbusu mkono akauweka kwenye paji la uso, kama watoto wa zamani. Halafu Rasmin akapanda basi, akashuka Katanning.

"Nek Melati, umerudi! Melati hajambo?"

"Hajambo. Anaongea Kimalei kama kasuku."

"Mashallah," wakasema. "Jina jema hilo."

Mwaka wa nne Salbia hakuomba ruhusa. "Baba, tunakuja Idi. Usiniambie baridi, Idi ni Desemba. Usiniambie paa, Mama amesema paa ni zima. Glenda anataka kuona kwenu."

Rasmin hakulala vizuri wiki nzima ya mwisho ya Ramadhani. Alifikiria kuugua. Alifikiria kuhamia Cocos. Mwisho alikuja na fikra ambayo mpaka leo akiikumbuka anafunga macho.

"Tunaweza kufanya mchezo," alimwambia mkewe. "Watoto wanapenda michezo. Siku moja tu, tumwambie leo jina lako ni..."

"Malizia," alisema Mak Salbia.

Hakumalizia.

"Mimi nilimfundisha mtoto huyo kusema bismillahi," alisema mkewe. "Wewe ukitaka kumfundisha kusema uongo, nenda, lakini nitakuwa nimesimama hapo nasikiliza."

Basi akapanga jingine. Wageni wa Idi huja asubuhi baada ya sala, wakila nyumba hii wanahamia ile, na adhuhuri nyumba huwa tupu. Alimwambia Salbia aje saa nane, chakula kitakuwa tayari. Salbia akasema sawa. Neil, ambaye alisoma kwenye daftari lake kwamba kuchelewa siku ya Idi ni kuwakosea wazee adabu, aliwasha gari alfajiri. Saa tatu na nusu walikuwa mlangoni.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wazee ukutani, vijana mlangoni, wanawake jikoni na kwenye korido, wali wa kuchemshwa katika mifuko kwa kuwa bara hakuna majani ya mnazi, rendang, yaani nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa tui la nazi, karanga, keki za rangi ya kijani. Glenda akaingia na gauni lake refu la kijani na kilemba kidogo kilichopinda. Hakuambiwa kitu. Alianza na imamu, akapiga goti, akabusu mkono, akaomba msamaha wa makosa ya mwaka mzima kwa maneno yote yanayotakiwa, akahamia kwa anayefuata. Watoto wa Katanning walikuwa nje wanacheza mpira. Ukutani wazee wazima walianza kupangusa macho.

"Watu wa zamani walisema hivi," alinong'ona mmoja.

Walimuuliza ana miaka mingapi. Walimuuliza kama amefunga hata nusu siku. Walimuuliza anapenda keki gani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Waliruka swali hilo kwa ustadi, wote, kama watu wanaoruka dimbwi wanalolijua.

Ila mwenye nyumba hawakuwa na namna ya kumruka. "Nek Melati, chai imekolea leo." "Nek Melati, pitisha chumvi." "Wallahi Nek Melati, una bahati." Rasmin alisimama katikati na birika, jasho linamtoka, anamimina chai kwenye vikombe vilivyojaa.

Glenda alimvuta mama yake gauni. "Melati ni nani?"

"Sijui, mwanangu," alisema Salbia, na kwa kweli hakujua. Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama keki. Akamtazama baba yake, na baba yake akaenda jikoni kuongeza maji ambayo hayakuhitajika. Salbia hakuwa mjinga. Alikaa chini polepole, akaanza kuhesabu baridi, paa, na mafua ya kondoo.

Rasmin aliporudi na birika, mtoto hakuwepo.

Alimkuta kwenye ngazi za mbele, juani. Amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, na mkoba wake mdogo uko mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Perth."

"Kwa miguu?"

"Baba atanifuata na gari."

"Nani kakuudhi?"

"Hakuna," alisema Glenda, kwa kuwa alilelewa vizuri. Halafu mdomo ukaanza kutetemeka. "Hii nyumba ni ya Melati. Akirudi atakuta nimekaa kwenye mkeka wake."

Rasmin akakaa ngazini, goti likalia. "Nani kakwambia?"

"Wote. Wanasema Nek Melati, Nek Melati. Hakuna anayesema Nek Glenda. Hata mmoja." Akapangusa pua kwa kilemba. "Ana miaka mingapi?"

"Minne," Rasmin akajibu kabla hajafikiri.

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Anaongea Kimalei vizuri kuliko mimi?"

Aibu ilimshika Rasmin, si ile ya kukaa mlangoni na sinia, bali aibu ambayo hata pasipokuwa na mtu wa kukutazama inakula. Aliona kwamba kwa ajili ya kusogea futi kumi ndani ya chumba, alikuwa amemfanya mtoto huyu mgeni katika nyumba ya babu yake.

"Hakuna Melati," akasema.

"Amekufa?"

"Hajawahi kuzaliwa. Nilimtunga."

"Kwa nini?"

"Nek aliona aibu. Alitaka watu wasijue jina lako."

Glenda alifikiri, akichezea kamba ya mkoba. "Jina langu baya?"

Rasmin alifungua kinywa aseme jina lako ni zuri, akajizuia, maana alijua neno hilo limefanya kazi gani mdomoni mwake. "Jina lako ni la mwanamke bora kuliko mimi," akasema. "Nalitaka. Unanipa?"

"Ukilichukua mimi nitaitwaje?"

"Tutakuwa nalo sote."

Mtoto akakubali, lakini alikataa kuvua viatu. Rasmin akamshika mkono wakaingia ndani hivyo hivyo, na viatu juu ya mikeka, jambo ambalo halijatokea katika nyumba hiyo kabla wala baada. Wakasimama katikati. Salbia aliinua macho, na macho yale yalikuwa na maswali ya miaka minne.

"Jamani," akasema Rasmin, "leo ni siku ya kuombana radhi. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, wala sina mwingine. Anaitwa Glenda. Mimi ni Nek Glenda. Niliwadanganya."

Akangoja. Alingoja kicheko, na alikuwa tayari kwa kicheko. Alingoja hata beti, akamtazama Nek Darren, ambaye alikuwa na haki ya kusema mistari minne na zaidi. Nek Darren alikuwa anatafuna. Akameza, akasogea upande, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae, Nek Glenda. Wali unapoa."

"Mpisheni Nek Glenda," akasema imamu.

"Nek Glenda, nikupokee birika?" kijana mmoja akaita kutoka mlangoni.

Hakuna aliyesita. Hakuna aliyejikwaa kwenye lile jina la kigeni. Lilitoka midomoni mwao laini, limelainika kwa kutumiwa. Rasmin akasimama na birika lake, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hamshangai?"

"Tushangae nini?" alisema Nek Darren, akimkatia Glenda kipande cha keki. "Sisi tunakuita Nek Glenda mwaka wa nne huu. Melati ni pale unapokuwepo tu."

Rasmin akakaa ukutani, mjukuu pajani na viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma.